Simu Niliyoiacha Chumba cha Pasi

Sehemu ya Tano

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamweka sawa upesi, halafu tuendelee na balaa letu.

Mimi napiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo. Si dobi wa mtaani. Ni kiwanda hasa, chenye mashine sita ambazo mtu mzima anaweza kuingia ndani akakaa kitako. Tunafulia hoteli, zahanati, shule, na yeyote mwenye nguo nyingi kuliko mikono. Msimamizi wetu ni mzee mmoja ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Sikusema. Jina hilo alijipa mwenyewe. Unamuuliza jambo, anakujibu, unafanya alivyokujibu, mambo yanaharibika, naye anakukazia macho na kukwambia, "Mimi sikusema hivyo."

"Sikusema" ya kwanza ilitoa makoti meupe ya zahanati yakiwa rangi ya waridi, nikapewa barua ya onyo. "Sikusema" ya pili ilitia blanketi arobaini za sufu kwenye maji ya moto, zikatoka za kumfunika mtoto mchanga, nikapewa barua nyingine. Barua hiyo ya pili ilinieleza kwa adabu kabisa kwamba ya tatu haitakuwapo. Kosa la tatu ni mlango.

Niliwaacha nikiwa jikoni kwangu na barua mkononi, nikimwapia wifi yangu kwamba kuanzia kesho nitamrekodi yule mzee kila akifumbua mdomo.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kwetu kwa wiki mbili, huu ni mwaka wa tatu. Ni karani mahakamani, anachapa mienendo ya kesi kuanzia asubuhi hadi jioni, ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna mtu anayemshinda kwa mabishano.

"Utamrekodi wapi?" akaniuliza.

"Popote."

"Wifi, sheria haina popote." Akaweka kikombe chini. "Mimi si wakili, usije ukasema nimekushauri. Kesho nitamuuliza wakili wa dawati la msaada wa kisheria. Mpaka nirudi, simu yako ikae kwenye pochi."

Kesho yake alirudi na nusu karatasi iliyojaa mwandiko wake wa kikarani. Akanikalisha kama shahidi.

"Mazungumzo ambayo wewe mwenyewe umo, unasema na unasemeshwa, hapa kwetu unaweza kuyarekodi. Nchi nyingine wanataka wote mkubali, kwa hiyo usianze kuwafundisha watu."

"Na ambayo simo?"

"Hayo usiyaguse. Uache simu mahali isikilize watu na wewe umetoka, hilo ni kosa. Si la kupewa barua, ni la kupelekwa kwetu mahakamani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kanuni za kazini kwenu umezisoma?"

Nikamwambia kanuni zimebandikwa karibu na choo na zinasema simu zisiwe mkononi mtu akiwa kwenye mashine. Hazisemi chochote kuhusu mfukoni.

"Basi mfukoni. Na ununue daftari. Tarehe, saa, nani aliuliza, nani alijibu, nani alikuwepo. Andika siku ileile, sio siku ukikasirika. Na ukisharekodi usimsikilizishe mtu yeyote bila sababu. Hata mume wako."

Mume wangu alikuwa palepale anakula. Akauliza yeye kakosa nini.

"Wewe nimekulea," wifi akasema. Mjadala ukafungwa.

*

Rekodi yangu ya kwanza niliifanya Jumatatu. Nilimfuata Sikusema kwenye ukumbi wa mashine, simu kwenye mfuko wa kifua, nikamuuliza habari za mashuka ya hoteli. Dakika nne nzima. Nikarudi nyumbani nimejaa ushindi, nikampa wifi asikilize.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kazi yake imemfundisha kutokata mtu kauli.

"Huyu ni msimamizi wako," akauliza, "au ni lori?"

Hakukusikika hata neno. Kulikuwa na ngurumo, kisha ngurumo kubwa zaidi, kisha mimi napiga chafya. Sisi tumeizoea ile ngurumo hadi hatuisikii tena. Tunasemeshana kwa mikono na nyusi, na jioni tukifika nyumbani tunapayuka mpaka majirani wanadhani tunagombana.

Nikajua basi, kama nataka sauti ya mzee, lazima nimpate chumba cha pasi. Kule kuna mlango mzito, na mashine unazisikia kwa mbali kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Wiki iliyofuata Mola akaniletea bendi.

Ilikuwa bendi ya tarumbeta, watu arobaini, wamealikwa kupiga kwenye ufunguzi wa jengo jipya. Walileta makoti mekundu yenye vifungo vya shaba, kila koti vifungo vinane. Nimeona shaba ikiingia kwenye dawa zetu na kutoka nyeusi. Nikalitandika koti moja mezani, nikainama kutazama jinsi vifungo vilivyoshonwa. Mzee akaingia. Simu ilikuwa tayari inakwenda.

"Mzee, haya makoti ya bendi, vifungo vya shaba nivitoe vyote kabla hayajafuliwa?"

"Ndiyo, ndiyo."

"Vyote? Makoti yote arobaini?"

"Ndiyo. Fanya hivyo."

"Basi nitakata nyuzi zote leo, mzee. Nisije nikaambiwa kesho."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akanipiga begani kwa upole, akatoka.

Mtu angeniuliza siku ile, ningesema nimeshinda kesi. Nikachukua mkasi. Hadi saa kumi nilikuwa na vifungo mia tatu na ishirini kwenye ndoo, na kidole gumba kilichokataa kukunjika.

Kesho yake asubuhi kiongozi wa bendi akaja kuchukua nguo zake. Akafungua koti la kwanza. Akafungua la pili. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, vifungo viko wapi. Nikamwonyesha ndoo.

Walikuwa wanatakiwa kupiga saa sita mchana. Watu arobaini walikwenda kupiga tarumbeta wamefunga makoti kwa pini. Nilisimuliwa baadaye kwamba mpiga tarumbeta kubwa, lile la kubebwa begani, alivuta pumzi ya wimbo wa kwanza na pini zake zikaruka moja baada ya nyingine hadi safu ya mbele ya wageni.

Sikusema akaitwa. Akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Nani amekwambia ukate vifungo?"

"Wewe, mzee."

"Mimi sikusema hivyo."

Kwa mara ya kwanza neno lile halikunichoma. Nilikuwa nimebana simu kifuani na nikakaribia kutabasamu. Jioni ile nikapewa karatasi ya kunijulisha kwamba kikao cha nidhamu kitakaa Ijumaa saa tatu asubuhi. Nikaipokea kama kadi ya harusi.

*

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini niliwaahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitaficha.

Rekodi niliyokuwa nayo ilikuwa safi. Nilikuwemo mwenyewe, nikiuliza na kujibiwa. Wifi aliisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niandike kila kitu daftarini na nilale.

Lakini mtu akianza kusikiliza, sikio linapata uchu. Nikaanza kujiuliza kwa nini yule mzee ananichukia. Nikawaza lazima kuna mwenzake. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikuwa nikimwona akijifungia chumba cha pasi na Mama Sabuni.

Mama Sabuni ndiye mtunza stoo wetu. Sabuni, dawa, wanga wa kukazia nguo, kila kitu kinapita kwake. Tena ndiye mwakilishi wa wafanyakazi, na ndiye rafiki yangu wa pale kazini. Miaka sita tumekula meza moja. Nimemshikia mtoto akiwa leba, yeye amenisuka nywele siku ya msiba wa baba yangu.

Jumatano mchana nikawasha simu irekodi. Nikaiweka kwenye rafu ya chumba cha pasi, nyuma ya makopo ya wanga. Nikaenda kula.

Baadaye nilimwambia wifi kwamba niliisahau pale. Ninyi nawaambia ukweli. Sikuisahau. Niliigeuza hata kinywa chake kielekee kwenye kiti anachokaa mzee.

Jioni nikajifungia chumbani kwangu kabla hata ya kuvua viatu. Nikaweka simu sikioni. Mwanzoni ni mimi, nakohoa, natoka. Kisha kimya. Kisha mlango unafunguliwa na kufungwa, na sauti ya Mama Sabuni, juu na taratibu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mzee. Nitazame mimi. Binti alikuuliza kama atoe vifungo. Nilikuwa mlangoni, nimesikia kwa masikio yangu. Ukamjibu ndiyo."

"Alikuwa ameinama. Nilidhani anauliza kama makoti yafuliwe leo."

"Na blanketi je? Na yale makoti ya zahanati?"

"Sijui aliniuliza nini. Naona midomo inakwenda. Nikijibu ndiyo, mara nyingi inakuwa sawa."

"Nenda ukapime masikio, mzee wangu."

"Nikipima karatasi itakuja hapa. Msimamizi asiyesikia mashine ikigonga, wataniweka wapi? Miaka thelathini nimesimama katikati ya haya madude, yamekula masikio yangu. Nimebakiza miezi saba nistaafu. Miezi saba tu, mama."

"Ijumaa watamfukuza."

Nikasikia kiti cha mzee kikilia.

"Yeye bado ana nguvu," mzee akasema. "Atapata kazi kwingine. Mimi nani atanichukua?"

Mama Sabuni akashusha pumzi.

"Haya," akasema.

Ya mzee niliweza kuyameza. Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma, kisha nikakasirika tena kwa kumwonea huruma. Lakini ile "haya" ya rafiki yangu ilinikaa kooni. Neno fupi hivyo, na mimi ndiye nilikuwa ndani yake.

Mlango ukasukumwa. Wifi hapigi hodi kwenye nyumba anayosema ni ya mdogo wake.

"Unasikiliza nini na viatu miguuni?"

Sikuwa na akili ya kudanganya haraka. Nikamrudishia mwanzo, akasikia sekunde kumi, akanyoosha mkono akaizima mwenyewe.

"Wifi, hapa wewe umo?"

"Sauti yangu iko mwanzoni. Nakohoa."

"Unakohoa." Akakaa kitandani. "Unataka nikachape hilo? Mshitakiwa alijitetea kwamba alishiriki mazungumzo kwa kukohoa?"

"Niliisahau simu pale."

Akanitazama. Amewatazama waongo wengi, wa kulipwa na wa kujitolea.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sijaisikia hiyo. Usinieleze ina nini. Kesho asubuhi kabla ya kazi nenda kwa yule wakili, umweleze ukweli, sio huu ulionipa mimi."

Nikaenda. Wakili wa dawati la msaada ni kijana mwembamba mwenye meza inayoyumba. Aliniambia rekodi ya vifungo naweza kuomba kuitumia kikaoni. Ile nyingine akaniambia nisimsikilizishe mtu, nisimtumie mtu, na nisiitaje kama silaha ya kumtishia mtu.

"Niifute?"

"Siwezi kukwambia ufute kitu ambacho kesho kinaweza kuulizwa," akasema. "Naweza kukwambia tu kwamba usingeifanya."

Nikamwambia hilo hata wifi alikwisha kuniambia. Akasema basi nina wifi mzuri. Nikaliacha hilo lipite.

*

Siku ileile ya Alhamisi nilimjaribu mzee. Alikuwa chumba cha pasi anaandika orodha ya mzigo, amenipa mgongo. Nikasimama hatua mbili nyuma yake.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kawaida. "Stoo inaungua."

Akaendelea kuandika.

"Mzee, nimepata kazi kwenye meli, naondoka."

Akafuta neno, akaandika jingine. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri kuliko nguo zangu. Kisha kivuli changu kikamfikia, akageuka, akatabasamu.

"Ulisema kitu, binti?"

Macho yake hayakuwa kwenye macho yangu. Yalikuwa kwenye mdomo. Miaka yote nilidhani ni dharau, kumbe alikuwa ananisoma.

Ningeweza kumwambia palepale. Mzee, najua, twende wote kwa meneja, mimi nitaokoka na wewe utatafutiwa kazi ya kukaa. Maneno nilikuwa nayo. Lakini nilikumbuka "yeye bado ana nguvu," nikajikuta nafumba mdomo taratibu ili asisome kitu.

"Hapana," nikasema. "Kesho utakuja kikaoni?"

"Nitakuja," akasema. "Usiogope sana. Watakuelewa."

Sijui kama alimaanisha. Nadhani alimaanisha.

*

Ijumaa saa tatu tulikuwa watu wanne ofisini. Meneja, ambaye ni mama aliyehamishiwa kwetu mwaka huu na ana tabia ya kusoma kila karatasi hadi mstari wa mwisho. Mzee, amevaa tai. Mama Sabuni, kwa cheo chake cha mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye kwa kanuni alikuwa amekuja kunitetea mimi. Na mimi na daftari langu.

Mama Sabuni hakunitazama. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Meneja akasoma makosa. Makoti ya waridi, blanketi, vifungo. Alipofika kwenye pini zilizoruka alikunja midomo, nikajua anajizuia kucheka, nikampenda kidogo.

"Unasema msimamizi ndiye aliyekuelekeza. Yeye amekanusha mara tatu. Una lolote la kuonyesha?"

Nikasoma daftari. Tarehe, saa, swali, jibu. Kisha nikasema kama wakili alivyonifundisha.

"Ninayo pia sauti ya mazungumzo hayo. Nimo mwenyewe, nimemuuliza na amenijibu. Naomba ruhusa tuisikilize."

Meneja akafungua kitabu cha kanuni, akakisoma, tukamsubiri. Akamuuliza mwakilishi wa wafanyakazi kama ana pingamizi.

"Sina," Mama Sabuni akasema kwa sauti ndogo.

Nikaiweka simu katikati ya meza. Sauti yangu ikauliza, sauti ya mzee ikajibu. Ndiyo, ndiyo. Vyote? Ndiyo. Fanya hivyo.

Meneja akamgeukia mzee. "Mzee, unasemaje?"

Mzee alikuwa ameikodolea macho simu. Simu haina midomo.

"Rudia," akasema. "Kisimu chenyewe sauti yake ndogo."

Nikarudia. Nikaongeza sauti hadi mwisho, hadi karani wa ofisi ya pili akachungulia dirishani kuona nani anagombana. Mama Sabuni akajiziba sikio moja bila kujua. Mzee akasogeza kiti, akainamisha kichwa karibu na meza, akaonekana kama mtu anayetafuta sindano.

"Hiyo si sauti yangu," akasema mwishowe.

"Ni yako, mzee," meneja akasema.

"Mimi sikusema hivyo."

Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo wiki tatu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, hadi jinsi nitakavyokunja mikono. Sasa mikono ilikuwa mapajani na sikutaka kuiinua.

Meneja akamtazama yule mzee. Akavua miwani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinua faili kama anayesoma kitu, likamziba kuanzia puani hadi kidevuni, akamwelekezea mzee macho na kusema kwa sauti ileile tuliyokuwa tukizungumzia.

"Mzee, nikikuachisha kazi leo, utakubali?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Fanya hivyo."

Faili likashuka polepole. Mzee akatutazama mmoja mmoja, mdomo kwa mdomo, akitafuta ni wapi amekosea, na sura yake ikaanza kubadilika kabla hajaelewa.

"Nimesema nini?" akauliza.

Mama Sabuni akaanza kulia. Alilia kwa kelele, kama mtu aliyekuwa ameubana mlango kwa mgongo na sasa ameuachia.

"Tangu lini?" meneja akamuuliza mzee, mdomo wake ukimwelekea, taratibu.

Mzee akafungua kifungo cha shingo.

"Mwaka wa nne," akasema. "La kushoto lilitangulia."

"Na umemwacha huyu apokee barua mbili."

Mzee alinitazama, safari hii machoni. Nikatazama pembeni mimi.

Meneja akaandika kitu. Jina la mzee lilikuwa juu ya ukurasa, niliweza kulisoma kwa kugeuza shingo. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani mwingine alijua?"

Mama Sabuni akanyoosha mkono kama mtoto darasani. "Mimi. Nilikuwa namsaidia kusikia. Nilidhani ni miezi michache tu."

"Mwingine?"

Ningeweza kunyamaza. Barua zangu mbili zilikuwa zinafutika mbele ya macho yangu, ningerudi kwenye pasi yangu kabla ya saa nne, na kikao kingeisha kama nilivyokiota. Lakini meneja aliinua kichwa, na sura yangu haikuwa na mshangao hata kidogo. Mama yule anasoma kila mstari.

"Wewe," akaniambia. "Ulijua."

"Tangu juzi," nikasema.

"Nani alikwambia?"

Mama Sabuni akaacha kulia.

"Mimi sikumwambia," akasema. "Wala mzee hakumwambia. Tumelizungumza juzi mara moja tu, chumba cha pasi, na mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili." Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile rafiki yangu alinitazama, na macho yake yakashuka kutoka usoni pangu, yakapita kwenye daftari, yakasimama kwenye simu iliyokuwa katikati ya meza.

Mzee, ambaye hakuwa amesikia hata neno, akafuata macho ya Mama Sabuni.

Meneja akaisogeza simu upande wake kwa ncha ya kalamu, kana kwamba ina moto.

"Humu kuna sauti nyingine?"

Nilimfikiria wifi, kwenye meza yake mahakamani, vidole juu ya mashine ya kuchapa, akisubiri mtu aseme ili aandike.

"Ipo," nikasema.

"Wewe umo?"

"Simo."

Meneja akafungua ukurasa mpya. Juu yake, kwa herufi kubwa na bila haraka, akaandika jina langu.